Kambi za zamani za dhahabu zinafukuliwa, na hakuna anayeandika

Ukipita maeneo ya machimbo ya Kanda ya Ziwa siku hizi, Geita, Sengerema, Misungwi, hadi kule Mara, hutakosa kumwona kijana mwenye hedifoni masikioni akitembea polepole shambani. Mkononi ana fimbo yenye sahani ya duara upande wa chini, anaipitisha kushoto na kulia juu ya ardhi. Wengi wanaiita ditekta, wengine wanasema mashine tu, na kila mtu anajua kinachotafutwa: vipande vya dhahabu vilivyolala karibu na uso wa nchi baada ya mvua ya miaka mingi kuvitoa kwenye mwamba. Kazi hiyo imewapa vijana wengi riziki. Ina matajiri wanaonunua mashine na kuzitoa kwa mgawo, na ina ugomvi wake wa kila msimu na wenye mashamba.

Mashine hiyo haijui dhahabu pekee. Inapiga kelele kwa kila metali inayopitisha umeme: risasi, kifuniko cha soda, kifungo cha shati, bati la kopo, sarafu. Kijana akipita mahali ambapo watu waliwahi kuishi kwa wingi, hedifoni hazinyamazi. Na katika Kanda ya Ziwa, mahali ambapo watu waliwahi kuishi kwa wingi juu ya ardhi yenye dhahabu ni zile kambi za migodi ya wakoloni. Ndiyo maana kazi ya pili imezaliwa ndani ya ile ya kwanza. Dhahabu ikikosekana, sarafu za zamani zinatiwa mfukoni na kupelekwa mjini kutafutiwa mnunuzi. Wapo wanaokwenda huko makusudi, hawatafuti dhahabu kabisa.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika kambi hizo tunapoteza kitu ambacho hakipo kwenye maandishi yoyote, na tunakipoteza kwa sababu sheria yetu ya mambo ya kale imekiacha nje, wala si kwa sababu vijana ni waharibifu. Wenye ditekta wangeweza kuwa ndio wanaotuokolea habari hizo, kama kungekuwa na mtu wa kuwasikiliza na daftari la kuandikia.

Tuanze na namna kambi hizo zilivyozaliwa na kufa, maana bila hilo sarafu ya kutu haina la kusema.

Wajerumani walijua habari za dhahabu kusini mwa ziwa tangu mwisho wa karne ya 19, lakini uchimbaji mkubwa wa Geita ni wa wakati wa Mwingereza. Bei ndiyo iliyoufungua. Januari 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Miamba ambayo jana haikulipa, leo ikalipa. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imeshafika Mwanza tangu 1928, kwa hiyo mashine nzito, saruji na baruti viliweza kushushwa hapa ziwani na kusambazwa. Geita ikawa mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, na upande wa Mara kukawa na Buhemba na Kiabakari. Kila mgodi ulikuwa na kambi yake: nyumba za wazungu kilimani penye upepo, makarani wa Kiasia na Kiafrika katikati, na bondeni safu za vyumba vya wafanyakazi, vijana wa Kisukuma, Wazinza, na wengine waliotoka mbali zaidi kutafuta pesa ya kodi.

Bei ile ile ndiyo iliyoiua. Dola 35 haikusogea kwa zaidi ya miaka 30, ilhali mishahara, mafuta na vipuri vilikuwa vinapanda. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa shilingi yetu wenyewe, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kuondoka taratibu mikononi mwa watu. Mambo hayo mawili hayakupangwa yakutane, lakini kwa mtu anayesoma ardhi ni bahati kubwa. Kambi ya Geita ilikufa pamoja na pesa yake. Sarafu ya mfalme wa Uingereza ikitoka kwenye udongo wa kambi hiyo, inakuambia kwamba tabaka hilo ni la wafanyakazi wa mgodi wa zamani. Ikitoka sarafu ya Mwalimu, unajua ni watu waliokuja baadaye kulima au kuchimba upya.

Hapa lazima nitofautishe kambi zetu na ile miji ya migodi iliyohamwa ambayo watu huiona kwenye picha za Marekani. Bodie, kule California, dhahabu yake iligunduliwa mwaka 1859. Mji ukavimba mwishoni mwa miaka ya 1870 ukawa na maelfu ya watu, kisha ukaisha. Tangu 1962 ni hifadhi ya jimbo, na ukienda leo utakuta nyumba za mbao zimesimama, vyombo viko mezani, duka lina bidhaa kwenye rafu. Kupitisha ditekta pale ni marufuku, na kuokota hata msumari ni kosa. Mtu wa Bodie akipoteza sarafu iliyoko chini ya sakafu, bado ana sakafu yenyewe, ana mlango, ana magazeti ya mji.

Sisi hatuna sakafu. Mgodi ukifungwa huku, mabati yanaezuliwa mwaka wa kwanza, milango na madirisha vinafuata, kisha matofali yanabebwa kwenda kujengea nyumba za kijijini. Silaumu hilo, watu walikuwa na shida ya bati na tofali. Baadaye wachimbaji wadogo wanarudi na sururu, maduara, yaani mashimo ya kushukia kwenye mwamba wa dhahabu, yanachimbwa katikati ya vyumba vya zamani. Yale marudio, mchanga uliokwisha kusagwa na kampuni, yanazolewa na kupelekwa kwenye mavati, yale matangi makubwa, yaoshwe tena kwa sianidi, maana teknolojia ya zamani iliacha dhahabu ndani yake. Zaidi ya hapo, sehemu ya miamba iliyochimbwa na Mwingereza pale Geita leo iko ndani ya mgodi mkubwa wa kisasa uliofunguliwa mwaka 2000. Kinachobaki kuonyesha kwamba mahali fulani waliishi watu mia kadhaa kwa miaka 30 ni udongo wa kina cha shubiri moja au moja na nusu, pamoja na metali iliyomo ndani yake. Hicho ndicho kina ambacho ditekta hufika kwa kitu kidogo cha ukubwa wa sarafu. Mashine inachota tabaka lile lile, hakuna jingine.

Kiangazi kilichopita nilisimama na kijana mmoja kwenye shamba la mihogo lililokwisha kung'olewa, upande wa Geita, mahali ambapo wanakijiji wanapaita kambini mpaka leo. Ni fundi kweli wa mashine yake. Alipopata mlio alipitisha sahani mara mbili kwa pande mbili zilizokatana, akachora msalaba kwa kidole cha mguu, akapiga jembe dogo mara moja. Donge likatoka. Aliligawa nusu kwa nusu, akipitisha kila nusu juu ya sahani, nusu inayolia anaigawa tena, mpaka mkononi pakabaki kiasi cha udongo wa kiganja. Akausugua kwa dole gumba. Ilikuwa senti kumi ya shaba, ile yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizopinda kando ya tundu.

"Chukua tu, kaka," akaniambia, "hii haina hela."

Niliiosha kwa maji ya chupa. Mwaka ni 1936, na kuzunguka tundu kumeandikwa jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala tangu Januari hadi Desemba ya mwaka huo, kisha akajiuzulu ili aoe mwanamke aliyempenda. Huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia kwenye matumizi ya watu. Lakini senti za tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo ziligongwa mapema na zikaletwa. Mchimbaji wa Kisukuma alikuwa nazo kwenye kamba kiunoni, pesa ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakuwahi kulipwa mshahara kwa jina lake.

Kwa mkusanyaji sarafu hiyo ni ya bei ndogo kweli, kwa kuwa ziligongwa kwa mamilioni. Kijana alisema kweli kuhusu hela. Lakini nilipomuuliza kama huwa anapata nyingi mahali pamoja, jibu lake lilinishika. Akasema kuna kona moja ya shamba, karibu na mwembe, ambako "zinalia mpaka mtu unachoka", na kwingine kote zinatoka mojamoja. Senti nyingi zilizodondoka mahali padogo maana yake watu wengi walisimama hapo wakihesabu pesa. Inaweza kuwa dirisha la kulipia mshahara, inaweza kuwa duka la Mhindi, inaweza kuwa mahali pa pombe. Vifuniko vya chupa na vipande vya glasi vingesema kama ni pombe. Vibati vya kufungia magunia vingesema kama ni duka. Hakuna ramani ya kambi ya wafanyakazi niliyowahi kuiona inayoonyesha duka lilikuwa wapi, maana waliochora ramani walichora duara, mtambo na nyumba ya meneja. Shamba lile linajua. Na kila msimu linajua kidogo kuliko msimu uliopita, kwa sababu vitu vinatolewa.

Kijana alikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka mkobani. Alilimwaga juu ya shati lake tukaangalia. Senti za tundu, shilingi moja yenye simba na milima ambayo fedha yake imeshafifia, buckle ya mkanda, vifungo, risasi moja iliyopindika, na kibati cha shaba ya njano chenye tundu juu na namba zilizogongwa kwa patasi. Migodi ya chini ya ardhi karibu duniani kote ilitumia vibati vya namna hiyo. Mfanyakazi anaposhuka anaacha kimoja au anabeba kimoja, akirudi kinarudishwa, na kibati kisichorudi maana yake kuna mtu bado yuko chini. Namba hiyo ilikuwa mtu. Kama kuna kitabu cha malipo kilichosalia kwenye nyaraka yoyote ya serikali au ya kampuni, namba hiyo ina jina, kabila na kijiji alikotoka. Nikamuuliza kilitoka kambi ipi. Hakukumbuka. Kopo lilikuwa na vitu vya vijiji kadhaa, vyote vimechanganyika.

Hapo ndipo ninapoona hasara yenyewe ilipo. Kibati kilikuwa kwenye ardhi kikiwa na habari, kikatoka kikawa kipande cha shaba. Kalamu na karatasi vingetosha kuzuia hilo, na kijana yule ana simu inayoweza kupiga picha na kusoma mahali alipo hadi hatua chache.

Nirudi kidogo kwenye mashine, kwa sababu kuna jambo ambalo wenye ditekta wanalijua vizuri kuliko sisi waandishi. Ardhi ya Geita ina chuma kingi. Dhahabu ya huko kwa sehemu kubwa imo kwenye miamba yenye mistari ya chuma, na udongo unaotokana na miamba hiyo unaisumbua ditekta za bei rahisi mpaka zinalia ovyo. Ndiyo maana watu wanaingia gharama ya mashine za msukumo, zinazotuma umeme kwa mapigo na kusikiliza mwangwi wake, maana hizo zinavumilia udongo wa namna hiyo. Wengine wenye mashine za kawaida wanaiwekea mpangilio wa kuruka chuma: kitu chochote cha chuma, mashine inanyamaza. Ni akili ya kazi, nani anataka kufukua misumari siku nzima?

Lakini katika nchi hii chuma ndicho cha zamani kuliko dhahabu. Kusini na magharibi mwa ziwa, Uzinza na Geita yenyewe, kulikuwa na Warongo, wahunzi walioyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru za udongo na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, majembe yaliyotolewa mahari kabla ya pesa ya mzungu kujulikana. Ng'ambo ya magharibi, Buhaya, wataalamu wa mambo ya kale walikuta ushahidi wa kuyeyusha chuma wa tangu miaka 2,000 iliyopita. Kilima chenye dhahabu mara nyingi ni kilima kile kile ambacho mhunzi alitoa mawe yake. Kwa hiyo kambi ya mgodi ya 1936 inaweza kuwa imekaa juu ya mabaki ya tanuru la mhunzi. Kijana anayefukua senti anakata jembe la kale bila mashine kumwambia kitu, kisha anaona taka nyeusi nzito ya chuma kilichoyeyuka na kuitupa pembeni akidhani ni jiwe la moto. Mwenye mashine akifundishwa kitu kimoja tu, kiwe kuitambua taka hiyo. Mahali ilipo pasiguswe, paitiwe mtaalamu.

Sasa sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa wakati ule ilikuwa mantiki nzuri: miaka mia moja nyuma, na kila kilicho nyuma ya mstari ni urithi wa taifa. Tatizo ni kwamba mstari haukusogea. Leo ni zaidi ya miaka 160 kutoka 1863, na bado ukoloni wote, tangu Mjerumani alipofungua boma lake Mwanza mwaka 1892 hadi bendera ya Mwingereza iliposhushwa 1961, uko upande wa pili. Waziri ana uwezo wa kutangaza eneo fulani lilindwe hata kama ni jipya zaidi, na majengo kadhaa ya Kijerumani yamelindwa kwa namna hiyo. Lakini nani ataandika barua kwa Waziri kuombea shamba la mihogo ambalo chini yake kulikuwa na vyumba vya vibarua?

Matokeo yake ni kitu cha ajabu. Kijana akifukua jembe la Warongo la mwaka 1850, amegusa urithi unaolindwa, na kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa. Akifukua kibati cha mchimbaji wa mwaka 1936, sheria ya mambo ya kale haina habari naye. Anayeweza kumkamata ni ofisa madini, kwa kosa la kutafuta dhahabu bila leseni, na atakachoulizwa ni gramu. Kwa hiyo kijana anajifunza kuficha. Anafukua jioni, anafukia shimo, anasema hajapata kitu. Sheria isiyolinda kibati imemfundisha mtu pekee anayejua kibati kilipo kukaa kimya.

Ukimya huo unawanufaisha matapeli, na hapa nina hasira. Kanda ya Ziwa imejaa hadithi za mali ya Mjerumani. Mwanza ilitekwa na Waingereza Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, na tangu hapo kila kilima chenye jiwe lililochongwa kinadaiwa kuwa na sanduku chini yake. Makaburi yamevunjwa kwa ajili hiyo. Alama za wapima ardhi zimeng'olewa. Mtu akipata rupia moja, pesa ya wakati wa Mjerumani, anaambiwa ni ya mamilioni, ina nguvu fulani, inatafutwa na wazungu, ila kwanza alipie mtaalamu wa kuipima. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya kipimo hicho.

Ukweli wa sarafu hizo haufichiki, upo wazi kwa anayetaka. Rupia ya fedha yenye Kaiser aliyevaa kofia ya chuma iligongwa Ujerumani, ina gramu kati ya 11 na 12, na kwa mkusanyaji ya kawaida hupata makumi ya dola, siyo maelfu. Pesa ya shaba ya miaka ya 1890 hadi 1892, ile yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, ni ya bei ndogo zaidi. Heller, zile sarafu nyingine ndogo za Mjerumani zenye tundu, vivyo hivyo. Hakuna nguvu yoyote ndani yake zaidi ya shaba, fedha na nikeli. Ipo moja ya thamani kubwa kweli, rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli ya Tabora, yenye ndovu amenyanyua mkonga na milima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000, na minadani hupata maelfu ya dola. Za kughushi ni nyingi. Ukisikia mtu anayo mfukoni stendi ya Nyegezi, ondoka.

Ningependa habari hiyo ya aya moja ibandikwe kwenye kila soko la madini. Ingeokoa ng'ombe wengi.

Watu wakisikia hoja yangu huuliza: kwa nini tusipige marufuku tu, kama Bodie? Kwa sababu Bodie ina walinzi, ina uzio, na haina kijiji ndani yake. Huku kambi ya zamani ni shamba la mtu, na marufuku isiyo na mlinzi hugeuka kuwa mapato ya anayejidai mlinzi. Naona mfano bora kwa Uingereza. Huko tangu mwisho wa miaka ya 1990, wakati sheria mpya ya mwaka 1996 kuhusu hazina zinazofukuliwa ardhini ilipoanza kutumika, kuna mpango wa kuandikisha vitu ambao kila eneo lina ofisa wake. Mwenye ditekta anamletea alichopata, ofisa anapiga picha, anaandika mahali na kina, kisha mara nyingi anamrudishia kitu chake. Kikiwa hazina ya thamani kubwa, jumba la makumbusho linaweza kukinunua, na malipo hugawanywa kati ya aliyekipata na mwenye ardhi. Vitu zaidi ya milioni moja vimeandikwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa imeletwa na watu wa mashine. Wanaleta kwa sababu wanajua hawatanyang'anywa.

Kwetu hilo halihitaji kujenga ofisi. Tangu 2019, soko la madini la Geita lilipofunguliwa, wachimbaji wamezoea kuleta dhahabu kwenye dirisha rasmi, inapimwa, inaandikwa, wanaondoka na karatasi. Miaka michache kabla ya hapo watu walikuwa wanasema haitawezekana, dhahabu itaendelea kupita porini. Iliwezekana pale mchimbaji alipoona bei haimwibii. Dirisha hilo hilo linaweza kuwa na daftari la pili, mbele ya ofisa utamaduni wa halmashauri, la vitu visivyo dhahabu: picha, kijiji, kina, kilichokuwa jirani yake. Kitu kibaki na mwenyewe. Kikiwa cha pekee, Makumbusho ya Taifa ipewe nafasi ya kwanza kukinunua kwa bei inayotajwa hadharani. Na kwa kanda yetu kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yenye ngoma, viti vya watemi na zana za kazi. Kona moja kwa ajili ya Wasukuma walioshuka chini ya ardhi na taa kichwani isingekuwa ngeni pale.

Hofu ninayoisikia sana kwa vijana ni kwamba ofisa atachukua kitu kiishie mfukoni mwake. Ni hofu ya haki. Dawa yake ni picha ipigwe na kijana mwenyewe kwa simu yake kabla ya kufika dirishani, na karatasi ya risiti iwe na namba. Ofisa asiyetoa risiti asipewe kitu, kama vile mchimbaji asivyompa broka dhahabu bila kuona mizani.

Kuna jambo jingine dirisha hilo lingesaidia, nalo ni uhai. Kwenye kambi za migodi ditekta huokota fataki za baruti, zile neli ndogo za shaba au alumini za kulipulia mwamba. Zinalia vizuri sana, sauti safi ya metali isiyo chuma, na zinatoka zimejaa udongo zisijulikane ni nini. Fataki ya miaka 80 haijawa salama kwa kuzeeka. Ikigongwa kwa jembe au kusafishwa kwa msumari inaweza kukata vidole au kutoboa jicho. Kijana niliyesimama naye alizijua, alisema huzitupa kwenye duara lililoachwa. Wadogo zake waliokuwa wanatufuata nyuma wakicheza hawakuzijua.

Kuhusu kusogeza mstari wa 1863, Bunge lingeweza kuubadilisha uwe unahesabu miaka nyuma kutoka leo, mia moja au hata sabini na tano, badala ya mwaka mmoja uliokufa. Ni marekebisho ya kifungu, siyo sheria mpya. Kampuni kubwa tayari zinalazimika kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kufungua shimo, na mabaki ya kambi za zamani yangeingia humo kwa lazima badala ya kwa hiari. Lakini sitaki tusubiri Dodoma. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mgodi wa Geita ulipofungwa sasa ana 80. Yeye ndiye anayeweza kusimama karibu na ule mwembe na kusema hapa palikuwa na dirisha la karani, pale palikuwa na klabu, kule walikaa wenye familia. Senti zinathibitisha maneno yake, na maneno yake yanazipa senti maana. Mihogo ikishang'olewa na nyasi zikishaungua, kuanzia Julai, vijana watakuwa mashambani na mashine zao kama kila mwaka. Ofisa utamaduni mmoja mwenye pikipiki anaweza kwenda nao, amchukue na mzee mmoja wa kijiji, akaanza na kambi moja.